Aliyemwinua Huseni

Mchinga,
14 Aprili 2025

Zakia binti Abdurahmani,

Nimeificha barua moja kwa miaka saba na nusu, na leo nakupelekea. Imo ndani ya bahasha hii, nyuma ya karatasi unayoisoma. Nisome mimi kwanza, kisha uisome hiyo.

Ni barua ya daktari bingwa wa mifupa kuhusu mgongo wa baba yako. Uliniomba uione siku ile, kwenye varanda ya hospitali Lindi, ukiwa na miaka kumi na tisa, umemaliza kidato cha sita na Kiingereza chako kizuri. Nilikwambia, "Mwanangu, hiki ni Kiingereza cha madaktari," nikaikunja nikaitia mfukoni. Kutoka mfukoni iliingia sandukuni, na sandukuni haikutoka hadi leo.

Unanijua. Mimi ni Shamte Likwata, yule ambaye Mchinga nzima humwita Daktari, ingawa sikuwa daktari bali afisa tabibu kwa miaka thelathini na minne. Nakuandikia kwa sababu masikio yangu yamekufa, na simu kwangu ni kibao tu. Ujumbe wa maandishi nao husomwa na wajukuu kabla yangu.

Baba yako alipoanguka kutoka juu ya mnazi, picha zake zilipelekwa kwa bingwa, na bingwa akajibu hivi: pingili ya kwanza ya kiuno imepasuka, kipande cha mfupa kimesukumwa ndani kuelekea uti wa mgongo, lakini mgonjwa bado anachezesha kidole gumba cha mguu wa kulia. Kwa hiyo asafirishwe Dar es Salaam akiwa amelazwa juu ya ubao, apasuliwe ndani ya siku chache, pingili zifungwe kwa vyuma na skrubu. Tabibu wa zamu alikuwa kijana, akanikabidhi barua kwa heshima ya kazi yangu ya zamani, niwaeleze ndugu kisha waamue. Ami yako naye akasema, "Mpeni mtani asome. Mtani haoni haya kutuambia mabaya." Koo zetu zinataniana tangu kwa mababu, wewe unajua.

Nikasimama, nikavaa miwani, nikasoma ambacho hakikuandikwa. Nilisema: "Bingwa anakataza kisu. Alale chali wiki kumi na mbili, ageuzwe kama gogo, mfupa utajiunga wenyewe." Ami yako akasema alhamdulillahi. Mama yako alinibusu mkono. Baba yako hajatembea tangu wakati huo.

Sasa utauliza kwa nini. Novemba 2013 mwanangu Huseni alianguka na pikipiki kwenye kona ya kuelekea Lindi. Baba yako alikuwa wa kwanza kufika, mimi wa pili. Huseni alikuwa anazungumza na miguu anaisogeza. Baba yako akamshika makwapani akamwinua, ati amkalishe kwenye pikapu ya duka la Nurmohamed. Miguu ikalegea palepale. Mwanangu aliishi wiki tano baada ya hapo. Hayo anayajua kila mtu Mchinga.

Mkono wa mtu asiyejua ningeweza kuusamehe. Lakini mazikoni, kwa haki yake ya utani, baba yako alivaa koti langu jeupe la kazi, akajitundika kamba ya mgomba shingoni iwe ndiyo chombo changu cha kusikilizia moyo, akamlaza mtu chini mbele ya kaburi, akamshika makwapani na kumvuta juu huku akiita kwa sauti yangu, "Simama, mwanangu, mimi si ni daktari?" Watu walicheka hadi wakatoa machozi. Mtani hakasirikiwi. Nilimpa kuku wake kama ilivyo desturi, nikatabasamu. Nilitabasamu miaka minne. Kisha akaanguka, na barua yake ikaletwa mikononi mwangu.

Siombi msamaha. Kinachoniudhi ni hiki: kila Ramadhani baba yako hunitumia kapu la mihogo kutoka Kikole, alikohamia baada ya kuumia, na salamu za shukrani kwa kumwepusha na kisu. Mwaka huu pia limekuja. Ananishukuru! Nilimlipiza, na yeye hajui kwamba amelipizwa. Mimi nina saratani ya tezi dume, imeingia mifupani, na mwezi uliopita niliteleza uwani, pingili yangu moja ikabonyea. Siku zangu si nyingi. Kikole siwezi kufika, na nasikia macho ya baba yako yameshikwa na mtoto wa jicho. Basi msomee wewe. Nataka ajue kabla sijafa.

Shamte Likwata

Jambo moja limebaki. Madaktari wa hapa wananipa njia mbili, kupasuliwa au kulala na kufungwa mkanda. Nasikia wewe ni muuguzi katika wodi ya migongo huko Dar. Nimeweka nakala ya picha yangu. Si lazima uitazame.


Dar es Salaam,
29 Aprili 2025

Bwana Shamte Likwata,

Shikamoo nimeiacha nje, wala sikuisahau.

Bahasha yako niliichukua Mbagala kwa kondakta wa basi. Nilizisoma barua zote mbili wakati wa chai, nimesimama. Halafu nikarudi wodini, maana ilikuwa zamu yangu ya kugeuza wagonjwa. Tunageuza tukiwa wanne: mmoja kichwani, mmoja mabegani, mmoja kiunoni, mmoja miguuni, na wa kichwani ndiye anayehesabu. Siku hiyo kichwani nilikuwa mimi, na wenzangu walinilalamikia kwamba nahesabu kwa sauti kubwa mno.

Picha yako nimeipeleka kwenye kikao cha Alhamisi ambako madaktari huamua nani apasuliwe na nani alazwe. Niliiweka mbele yao kama picha ya mgonjwa yeyote, sikusema wewe ni nani kwangu. Daktari wa upasuaji amesema usipasuliwe. Mfupa ulioliwa na saratani haushiki skrubu, uti wako haujabanwa, na kwa miaka yako sabini na tisa dawa ya usingizi inaweza kukumaliza kabla ya kisu. Ufungwe mkanda, upewe dawa za maumivu, ulale, ugeuzwe vizuri, na ukipata nafuu ukalishwe kidogo kidogo. Karatasi yake ya Kiingereza nimeitia humu. Isome mwenyewe. Baba hakupata bahati hiyo.

Sasa mimi nina swali. Baba aliniambia jambo mara moja tu, siku moja nikimwogesha: "Zakia, mimi Huseni sikumgusa." Alisema hivyo, kisha akaomba taulo. Sikumuuliza zaidi na yeye hakurudia. Nakuuliza wewe uliyekuwapo. Nani alimwinua Huseni?

Ijumaa naanza likizo. Nitashuka Nangurukuru, nipande bodaboda hadi Kikole. Nitamsomea barua yako.

Zakia Abdurahmani


Mchinga,
9 Mei 2025

Zakia,

Karatasi ya daktari nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa lenzi, nikitafuta mahali ulipobadilisha neno. Sikupaona. Hata hivyo nilimtuma mjukuu wangu Lindi aipeleke kwa tabibu mwingine aisome upya, naye akasema yaleyale. Nimechagua kulala. Nimefungwa mkanda tangu Jumatatu, naonekana kama mtumba wa nguo.

Umeshafika Kikole. Umemsomea? Basi mbona kimya? Niambie alivyokuwa. Alisema nini kwanza? Alilia? Alikutaka urudie mahali nilipoandika kuhusu kisu? Usinifiche hata dogo. Mtu amengoja miaka saba na nusu, si haki apewe nusu ya habari.

Na jambo jingine. Wewe unakaa na mabingwa. Waoneshe picha za zamani za baba yako, najua mmezitunza. Waulize: mtu huyu angepasuliwa ndani ya siku zile chache, angetembea? Nataka kujua ukubwa wa nilichomnyang'anya. Nimekuwa nikikikadiria peke yangu humu kitandani. Wakati mwingine nampa miguu yote miwili, wakati mwingine nampa gongo. Nipe jibu la wenye elimu.

Ama swali lako, jibu lake liko Mchinga nzima, muulize yeyote unayekutana naye njiani. Mama Huseni mpaka leo akisikia jina la baba yako anatema mate pembeni. Mgonjwa anayeogeshwa husema mengi. Mimi nilikuwapo, wewe ulikuwa shule.

Shamte Likwata


Kikole,
21 Mei 2025

Ewe maiti mtarajiwa, Daktari wa Kuku, Bwana Shamte,

Shikamoo sikupi, kwa mtani hakuna mkubwa. Mimi nasema, Zakia anaandika, na nimemwapiza asinipunguzie tusi hata moja.

Amenisomea barua yako. Anasema umevunjika mgongo, umelala chali kama kobe aliyepinduliwa, na kwamba unanikumbuka. Nimecheka hadi kiti changu cha magurudumu kikarudi nyuma kikamwaga maji ya watu. Kumbe na wewe! Karibu chamani, Daktari. Mimi huku ni mwenyekiti, na kiti ninacho. Wewe utaanza kama mjumbe wa kawaida tu.

Nikushauri, maana katika hili mimi ndiye msomi na wewe ndiye wa darasa la kwanza. Kulala chali ni kazi. Utahesabu boriti za dari hadi uzipe majina. Mimi moja niliipa jina lako, ile iliyopinda. Usikubali kulazwa juu ya mkunjo wa shuka, mkunjo mdogo tu ukila nyama unafika mfupani. Na usikubali, nakwambia tena, usikubali kugeuzwa na watu wawili. Wawili hawatoshi. Mwili unajikamua katikati kama nguo inayokamuliwa. Mimi nilikuwa na wawili.

Lile la kunishauri nisipasuliwe nimeshakushukuru, na mihogo umekula. Lakini lipo la pili, na sote wawili tunaondoka, kwa hiyo nalisema. Ile niliyoicheza mazikoni kwa Huseni haikuwa ya kubuni, na wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote aliye hai. Niliuona uso wako siku ile barabarani. Nikasema huyu mtu, jambo hili likibaki ndani yake, litamla. Wazee walituachia kazi hiyo sisi watani: la mtu likichezwa hadharani, watu wakalicheka, halimtafuni tena nyumbani kwake. Nikalicheza. Nilidhani utanifuata baadaye useme, "Mshenzi wewe, lakini ahsante." Wewe ukanipa kuku mgonjwa, ukaenda kuwaambia watu kwamba niliyefanya ni mimi.

Nikanyamaza. Nikasema ana msiba, mwache. Lakini msiba wa miaka kumi na moja, Daktari? Una tumbo la namna gani?

Basi nakuonya. Mazikoni kwako nitakuja. Nimeshamwagiza Zakia akodi Noah hadi Mchinga. Watanibeba na kiti changu hadi ukingoni mwa kaburi, na nitaicheza ileile, tena polepole, ili hata wa nyuma waone. Na kabla sijaanza nitawaambia: jamani, leo hakuna utani. Wewe utakuwa ndani ya sanda, hutaweza kutabasamu. Waambie wanao waandae jogoo, na awe mzima. Nikiona tetea mwenye mafua sizikishi mtu.

Usife kabla ya mavuno ya ufuta, watu watakuwa na kazi.

Ni mimi mtani wako,
Abdurahmani, ambaye mikono bado anayo


Dar es Salaam,
26 Mei 2025

Bwana Likwata,

Ya baba umeipata. Hii ni yangu, na baba haijui.

Nilimsomea barua yako kwa namna uliyomsomea yake. Niliishika wazi mbele ya macho yake yasiyoona, nikapitisha kidole mstari kwa mstari, nikasema: "Daktari ameanguka, anaumwa mgongo, anakukumbuka." Basi. Kurasa tatu zako zote zilikuwa maneno hayo. Aliponiuliza, "Ndiyo hayo tu?" nikamwambia ndiyo. Uliniuliza alivyokuwa. Alicheka. Hakulia hata kidogo. Kisha akaagiza wakuchimbie mihogo mingine, nikamwambia wewe kwa sasa huwezi kutafuna.

Uliyemlipiza bado hajui kwamba amelipizwa, na hatajua mpaka mimi nitake.

Uliuliza kama angetembea. Nilizipeleka picha zake za mwaka 2017. Bingwa mmoja alisema yeye angempasua siku ileile. Mwenzake akasema yeye angemlaza. Walibishana mbele yangu kama robo saa, watu waliosoma vitabu vilevile. Mmoja alitaja wagonjwa aliowapasua wakatembea, mwingine akamkumbusha waliopasuliwa wasitembee, na waliolala wiki kumi na mbili wakainuka wakarudi shambani. Hawakuafikiana. Walikubaliana jambo moja tu: anayelazwa anahitaji watu wa kumgeuza, na kwa mfupa kama ule, mgeuzo mmoja mbaya unatosha.

Sasa nikueleze ambacho hukukiona kwa sababu ulikuwa umekaa kwako ukitabasamu. Tulipomrudisha baba Mchinga, mama alipita nyumba kwa nyumba kuomba watu. Siku ya kwanza walikuja wengi, wakashindana nani ashike wapi. Siku ya nne Mama Huseni aliwauliza wanawake kisimani, "Mnakwenda kumgeuza yule aliyemuua mwanangu?" Siku ya tano hakuja mtu. Walisema Mungu amemlipa, na anayelipwa na Mungu haguswi. Ami alikuwa Kilwa kwa kazi. Tukabaki mimi na mama.

Kidole gumba cha baba kilikuwa bado kinacheza. Alikuwa akinionesha kila asubuhi, kama mtu anayeonesha mtoto wake mchanga. Wiki ya tatu, siku ya Jumanne, tulimgeuza. Mama alishika miguu, mimi mabega. Mabega yalitangulia, kiuno kikabaki nyuma. Baba alipiga ukelele mmoja. Jumatano asubuhi hakunionesha kidole.

Mabega niliyashika mimi, Bwana Likwata. Sijawahi kumwambia mtu. Nimesomea kazi hii kwa sababu ya Jumanne ile, na kila ninapogeuza mgonjwa wa watu nahesabu kwa sauti ili nisimsikie baba. Miaka saba nimeamini kwamba aliyemvunja ni mimi. Barua yako ilipofika nilifurahi, nikubali nisikubali. Nikasema kumbe ni yule mzee. Halafu nikawasikiliza wale mabingwa wakibishana, nikaelewa kwamba hata hilo hukuliweza. Barua yako iliyofichwa huenda haikumdhuru baba. Huenda uliwasomea ndugu ushauri ambao bingwa mwingine angeutoa kwa nia njema. Kilichomwondolea baba miguu ni kukosa watu wawili zaidi, na waliozuiwa wasije walizuiwa na uongo wako kuhusu Huseni. Umeungama kosa dogo ukaacha kubwa.

Kwa hiyo narudia swali langu, na safari hii lina sharti. Andika kwa mkono wako na kwa jina lako, nani alimwinua Huseni. Ukiandika, nitakwenda Kikole nimsomee baba barua zako zote, neno kwa neno, hata ile ya kwanza unayoionea fahari. Atajua ulichomkusudia, kama unavyotaka. Usipoandika utakufa ukishukuriwa. Salamu zitakuja, mihogo itakuja, na kwenye kaburi lako baba atasema wewe ulikuwa rafiki yake aliyemwepusha na kisu. Nitahakikisha anasema.

Zakia


Mchinga,
12 Juni 2025

Zakia,

Naandika kwa penseli, kalamu haitoi wino mtu akiwa amelala chali. Nikimaliza ukurasa mkono unakufa, nangoja urudi. Hii ni siku ya tatu ya barua hii, kwa hiyo ukiona mwandiko umebadilika ni mimi yuleyule.

Usidhani nimelainika. Nilipoisoma barua yako nilikutukana kwa sauti hadi Mama Huseni akaja kutazama. Umenipokonya kitu nilichokitunza kwa miaka saba. Nilikuwa na kisasi, kibaya, lakini kilikuwa changu, na kilikuwa kikubwa kama miguu miwili ya mtu mzima. Sasa unaniambia mabingwa wamebishana, haijulikani. Nilikuwa nalala nacho. Sasa nalala na wewe umeshika mabega ya baba yako, na mama yako yuko miguuni, na katikati hakuna mtu.

Katikati pale nilipaswa kuwa mimi. Nilikuwa jirani, nyumba ya tatu. Nilisikia ule ukelele. Siku hizo masikio yangu yalikuwa mazima. Nilijua ni nini, maana ni kazi yangu kujua. Nikaendelea kunywa uji. Hilo hukuniuliza, lakini liweke pamoja na mengine.

Mimi wananigeuza wanne. Mama Huseni anakaa kichwani na kuhesabu, wajukuu wawili, na jirani yetu Abdulrazak anayefunga duka lake kila mara ili aje. Wanakuja kwa wakati. Hawajawahi kukosa. Wanakuja kwa sababu mimi ndiye baba wa yule kijana aliyeuawa na ujinga wa mtu mwingine, na Mchinga imenionea huruma kwa hilo kwa miaka kumi na moja. Huruma hiyo nimeila kama posho. Mama Huseni amenipikia, amenifulia, na hajaniuliza hata mara moja, kwa sababu nilipofika nyumbani siku ile nilimwambia kabla hajauliza. Nilisema jina la Abdurahmani nikiwa bado mlangoni. Sikupanga. Lilitoka, akalishika, na baada ya hapo sikuweza kulirudisha. Nilimchukia baba yako kwa uongo wangu mwenyewe. Nilimchukia zaidi mazikoni, kwa kuwa pale uwanjani pote palikuwa na mtu mmoja tu anayesema kweli, na alikuwa amevaa koti langu.

Baba yako anataka kunicheza nikiwa sandani. Nimemfikiria sana kwenye kiti chake ukingoni mwa kaburi, anaanza polepole ili hata wa nyuma waone. Sitampa nafasi hiyo. Jibu la swali lako nimelinakili kwanza pembeni, nimempa Abdulrazak katika bahasha iliyofungwa, ampelekee imamu, nimeomba isomwe kesho Ijumaa baada ya sala, kwa kipaza sauti, nikiwa hai. Baba yako akija atakuta watu wameshajua kila kitu. Atakuwa mzee kwenye kiti anayeigiza habari ya zamani, na jogoo atampata kwa huruma tu. Mwambie hivyo. Hiki ndicho kisasi changu cha mwisho kwake, na nadhani ndicho pekee kitakachofanya kazi.

Mama Huseni sijamwambia. Atasikia pamoja na wengine, kipaza sauti kinafika hadi uwani kwetu. Sijui Jumamosi nani atakaa kichwani kwangu. Huenda wakabaki wajukuu wawili. Nimeshawaeleza kwamba wawili hawatoshi, lakini ni watoto wa watu, na huyu mzee wanayemgeuza watakuwa hawamjui tena.

Wewe ulikuwa peke yako na mama yako. Mabega yalitangulia kwa sababu hapakuwa na mtu wa kiuno. Hilo ni la kitabibu, silisemi kukufariji.

Sasa swali lako.

Ilikuwa kama saa tano asubuhi. Dereva wa ile pikapu alikuwa amekwenda mbele kuligeuza gari. Nilipofika, baba yako alikuwa amepiga magoti kando ya Huseni, hajamgusa, amevua shati lake na kulishika juu ili kumkinga jua usoni. Huseni alikuwa anazungumza naye. Baba yako aliponiona alisema, "Daktari, tusimwinue, dereva analeta ubao. Ulitufundisha mwenyewe." Ni kweli, nilikuwa nimewafundisha, mwaka uleule, kwenye ofisi ya kijiji, nililaza mtu sakafuni nikawaonesha, na yeye alikuwa amekaa mstari wa mbele akinitania. Huseni akasema, "Baba, niinue." Mbele ya watu mimi ni tabibu, lakini pale mwanangu alikuwa chini kwenye vumbi ananiita. Nikainama. Baba yako alinishika mikono yote miwili, akaibana, akaniambia, "Usifanye, Shamte, kwa Mungu usifanye." Ndiyo mara pekee maishani aliyoniita jina bila tusi. Nilimng'ata mkono hadi akaniachia. Nikamshika mwanangu makwapani, nikamwinua mimi.

Shamte Likwata